Kete, Chuma na Jina la Mtunzi

Uwanda wa juu wa Ufipa umekaa kati ya maziwa mawili. Magharibi nchi inateremka kwa makorongo hadi Ziwa Tanganyika. Mashariki inakatika ghafla na kuangukia bonde la Ziwa Rukwa. Juu, penye baridi na upepo, mita zipatazo 1,800 kutoka usawa wa bahari, mji wa Sumbawanga umetulia chini ya milima ya Mbizi. Anayeitazama ramani ya leo huona pembe ya nchi iliyo mbali na Dar es Salaam. Anayeitazama ramani ya karne ya 19 huona njia panda: kaskazini Tabora, kusini nchi za Walungu na Wabemba, ng'ambo ya ziwa Kongo.

Kuizunguka njia panda hiyo ziliishi elimu mbili. Ya kwanza ni ya kuyeyusha chuma, ambayo Wafipa waliibobea. Ya pili ni ya kete, mchezo wa mashimo unaochezwa kwa hesabu tupu, bila dadu wala bahati, uliosambaa pande zote za uwanda huo. Ya kwanza imekufa kama kazi, ila imeandikwa. Ya pili ingali hai, ila tumeiandika kidogo mno. Wakati sisi tunaicheza na kuinuka, wengine wameichukua, wakaiwekea majina yao, wakaiingiza katika biashara kubwa ya michezo ya mezani. Nataka kulisimulia jambo hili kutokea Ufipa, kwa sababu historia ya uwanda huu inaonyesha wazi tofauti kati ya elimu iliyowahiwa na elimu iliyoachwa.

Milansi na malungu

Masimulizi ya Wafipa huanzia Milansi, kijiji cha kale kilicho karibu na mlima Itweelele. Husemwa kwamba mfalme wa kwanza, Ntatakwa, alishuka kutoka mbinguni. Kisha zikaja siku ambazo mfalme wa Milansi alikuwa mbali na kwake, wakatokea wanawake watatu wageni, wakaketi juu ya kigoda cha ufalme. Mfalme aliporudi alikuta utawala umekwisha kupata wenyewe wapya. Lakini wageni hao, waanzilishi wa ukoo wa Watwa, hawakuifuta Milansi. Waliiachia kijiji chake, mlima wake na heshima ya matambiko, wao wakaitawala nchi iliyobaki. Baadaye nchi hiyo iligawanyika kuwa dola mbili, Nkansi na Lyangalile. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, aliyachambua masimulizi haya katika kitabu alichokitoa mwaka 1981. Mimi nachukua jambo moja tu: aliyeshinda hakumtupa nje aliyeshindwa. Alimbakiza uwanjani na kumpa kazi.

Chini ya dola hizo palikuwa na chuma. Tanuru la Kifipa, ilungu, lilijengwa kwa udongo likapanda hadi kumpita mtu mrefu kwa mbali. Halikuhitaji mivukuto. Mirija ya udongo iliyopangwa chini yake iliuvuta upepo wenyewe, moto ukawaka mchana na usiku, mawe yenye chuma yakashuka polepole kati ya mkaa. Kilichotoka kilikuwa bonge lenye takataka, nalo likapelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, ambako mivukuto ilitumika kulisafisha, kisha likaenda kwa mhunzi kufanywa jembe, shoka au mkuki. Ilungu lilipambwa na kutendewa kama bibi arusi, na wafanyakazi walikaa mbali na wake zao mpaka kazi iishe. Fundi mkuu alijua udongo gani haupasuki, mti gani unatoa mkaa mkali, dawa gani izikwe chini ya sakafu ya tanuru. Yote hayo yalikuwa kichwani mwake.

Majembe ya dukani yalipoingia wakati wa ukoloni, malungu yalizimwa moja baada ya jingine. Mafundi walizeeka bila wanafunzi. Elimu hiyo ingeweza kuishia hapo, lakini watu waliwahi. Mwaka 1969 J.A.R. Wembah-Rashid alichapisha makala kuhusu wafua chuma wa Ufipa. Miaka iliyofuata Randi Barndon kutoka Norway aliwafuata wazee waliokuwa bado wanakumbuka. Naye Bertram Mapunda, mwanaakiolojia Mtanzania, alizunguka Nkansi akipima masalia ya matanuru, akatenganisha malungu marefu ya uwandani na matanuru mafupi ya katukutu ya kandokando ya ziwa. Tasnifu yake ilikamilika mwaka 1995, na baadaye akaitolea Ufipa kitabu kizima. Leo kijana wa Sumbawanga ambaye hajawahi kuona chuma kikiyeyushwa anaweza kusoma hatua kwa hatua jinsi babu wa babu yake alivyofanya. Kwa kete hawezi kusema hivyo.

Mashimo katika mwamba

Ukitaka kuona jinsi mchezo wa mashimo ulivyoizunguka Ufipa, taja majirani. Wasukuma wana isolo. Wabemba wana nsolo. Waila wa Zambia wana chisolo. Waluba wa Kongo wana kisolo. Wote hucheza katika safu nne, kila mchezaji akimiliki mbili, na ukoo wa michezo hiyo ni mmoja. Mbali kidogo, Waganda wana omweso, wenye mashimo 32 na mbegu 64.

Umri wake ni mkubwa. Pale Hyrax Hill, karibu na Nakuru, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938, kuna mabao yaliyochongwa katika mwamba wenyewe. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza imo sanamu ya mbao ya Shyaam aMbul aNgoong, mfalme wa Wakuba wa Kongo aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 17. Emil Torday aliipata mwaka 1909. Kila sanamu ya kifalme ya Wakuba hubeba alama moja ya kumtambulisha mfalme wake. Alama ya Shyaam ni bao, limewekwa mbele yake, kwa kuwa watu wake humkumbuka kama aliyewaletea mchezo huo. Wachongaji wangeweza kumpa mkuki au ngoma. Walimpa bao.

Upande wa bahari, Mfaransa Étienne de Flacourt, aliyekuwa gavana huko Madagaska, aliandika habari za mchezo wa namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1658. Mombasa nayo ilikuwa na Muyaka bin Haji, malenga aliyefariki mnamo 1840, ambaye aliliingiza bao katika tungo zake akijua kwamba wasikilizaji wake wataelewa bila kufafanuliwa.

Bao hilo la pwani, bao la Kiswahili, ndilo lililofika mbali zaidi katika ugumu. Lina mashimo 32 na kete 64. Shimo moja la safu ya mbele ya kila mchezaji, ambalo kwa kawaida huchongwa mraba, ndiyo nyumba. Mchezo huanza kila mmoja akiwa na kete 10 tu ubaoni: sita ndani ya nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili yanayoifuata kuliani. Kete 22 zilizobaki zimo akibani. Hatua ya kwanza ni kunamua: kila zamu unaingiza kete moja katika shimo lako la mbele lenye kete, na kama shimo la mwenzako linalolikabili nalo lina kete, umezila. Ulizokula huziweki pembeni. Unazigawa moja moja kuanzia kichwani mwa safu yako, na kete ya mwisho ikiangukia penye kete nyingine safari inaendelea, unakula tena au unachota na kugawa upya, mpaka ya mwisho ilale katika shimo tupu. Pasipo na cha kula, unatakasa. Akiba ikiisha huingia mtaji, na sasa kila kitu kinatoka ubaoni penyewe. Anayemalizwa safu ya mbele, au anayekosa pa kuchezea, amefungwa.

Hakuna kilichofichwa. Wachezaji wote wawili wanaona kete zote, na anayeshindwa hawezi kulalamikia karata mbaya. Lakini kuona si kujua, kwa maana zamu moja huweza kuzunguka ubao mara kadhaa na kubadili mashimo yote. Tena hakuna kete inayokufa. Katika sataranji askari aliyeliwa huondoka ubaoni. Katika bao kete iliyoliwa hugeuka na kumfanyia kazi aliyeila, na zamu inayofuata yaweza kurudi ilikotoka. Ndiyo maana mtu aliyebakiwa na kete chache hakati tamaa mapema: akiifikia nyumba ya mwenzake ikiwa imejaa, mchezo wote unageuka. Anayeijua hadithi ya Milansi na wanawake watatu ataitambua siasa ya namna hiyo, ambamo mshindi hujijenga kwa kumbakiza aliyeshindwa.

Njia ya pembe na watumwa

Kiswahili kilipanda bara kwa misafara, na bao lilipanda nacho. Nchini Malawi linaitwa bawo. Mashariki mwa Kongo linachezwa kotekote ambako lugha yetu ilitia mizizi. Popote wapagazi walipotua mizigo kungoja mvua ipite au bei ya pembe ipatane, palikuwa na saa nyingi za kukaa. Mchezo huu hautaki mengi. Mbegu ngumu za mkomwe huota pwani, lakini mawe madogo yanatosha, na pasipo na ubao wa kuchongwa, ardhi huchimbwa mashimo.

Ufipa ilikuwa ndani ya mtandao huo. Mwaka 1867 Hamed bin Muhammed, aliyejulikana zaidi kama Tippu Tip, alimshinda chifu Nsama katika nchi iliyo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Mweru, na mwezi Julai mwaka huohuo David Livingstone akakutana naye kusini mwa Tanganyika. Miaka mitano baadaye, katika safari yake ya mwisho, Livingstone alipita Ufipa kwa miguu akaona pamba imelimwa na watu wakifuma nguo zao. Mwaka 1880 Joseph Thomson alivuka uwanda, akawasifu wakazi wake kwa kilimo na amani, akaliona Ziwa Rukwa. Kirando, kandokando ya Tanganyika, palikuwa na makazi ya wafanyabiashara Waswahili na Waarabu. Tippu Tip mwenyewe aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Ni kitabu cha vita, safari na pembe zilizohesabiwa kwa uangalifu.

Njia hiyo ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo. Hili halitenganishwi na habari nzuri za lugha na michezo. Vyote vilipita katika vumbi lilelile. Wabelgiji walijenga kituo Karema mwaka 1879, na mwaka 1885 kikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Hapo mwaka 1889 alifika Adrian Atiman. Alikuwa ametekwa na kuuzwa utotoni huko Afrika Magharibi, akakombolewa na mapadre, akasomeshwa uganga wa kizungu kisiwani Malta. Aliwatibu watu wa Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Msomaji amweke mtu huyu moyoni, maana tutamhitaji tukifika Ulaya.

Wengine wanapoandika

Mwaka 1896 ilichapishwa mjini Washington makala ya Stewart Culin, Mmarekani aliyekusanya michezo ya dunia, akiuita mchezo wa mashimo mchezo wa taifa la Afrika. Tangu hapo mabao kutoka bara hili yaliendelea kuingia katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, mengi yakiwa na jina la aliyeyapeleka na bila jina la aliyeyachonga wala la bingwa aliyeyachezea. Askofu Adolphe Lechaptois wa Karema aliwaandika Wafipa katika kitabu chake cha mwaka 1913, kwa Kifaransa, kwa wasomaji wa Ufaransa.

Kisha akaja mfanyabiashara. Mwaka 1940 Mmarekani William Julius Champion, aliyekuwa amesoma habari za michezo ya mashimo, alitengeneza mchezo wake mwenyewe wa safu mbili. Aliuita Kalah. Aliweka mashimo sita kila upande na ghala moja kubwa la kila mchezaji, akapunguza sheria mpaka mtoto aweze kujifunza kwa dakika chache. Katika miaka ya 1950 alijipatia hataza, na mwaka 1958 akaanzisha kampuni ya kuuza mchezo huo. Mamilioni ya watoto wa Marekani wanaodhani wanaujua mchezo wa Afrika wanaijua Kalah.

Simlaumu Champion kwa kupenda alichokisoma. Nasikitikia kilichopotea. Ndani ya Kalah kete ikifika ghalani imekwisha. Haigeuki, hairudi, haimfanyii kazi mtu. Kilichoondolewa ndicho kilicho moyo wa bao. Kompyuta nazo zimeonyesha tofauti hiyo kwa njia yao. Mwaka 2000 watafiti waliikokotoa Kalah ya ukubwa wa kawaida mpaka wakajua nani hushinda wote wawili wasipokosea. Mwaka 2002 John Romein na Henri Bal wa Amsterdam waliikokotoa awari, mchezo wa safu mbili wa ukoo wa Afrika Magharibi, kwa kupitia mikao zaidi ya bilioni 889, wakathibitisha kwamba bila kosa huisha sare. Bao la Kiswahili, pamoja na safu zake nne, nyumba na akiba, halijatatuliwa hivyo.

Kikalio cha glasi kule Nuremberg

Sasa tuende Ujerumani, ambako michezo ya mezani ilipata maisha mapya. Baada ya vita kuu ya pili, familia nyingi huko zilicheza pamoja mezani, na wazazi walitaka michezo isiyomtoa mtoto nje nusu saa kabla ya wenzake wala kuacha kila kitu mikononi mwa dadu. Mwaka 1978 waandishi wa habari walianzisha tuzo ya Mchezo wa Mwaka, Spiel des Jahres. Mshindi wa kwanza, mwaka 1979, alikuwa mchezo wa Mwingereza David Parlett kuhusu sungura na kobe, wenye fikra nyingi na bahati kidogo. Mwaka 1983 yakaanza maonyesho ya Essen, ambayo leo ndiyo soko kuu la michezo hiyo.

Jambo ninaloliona kubwa kuliko yote lilitokea mwaka 1988, kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea mjini Nuremberg. Watunzi kumi na watatu wa michezo waliketi pamoja, wakachukua kile kikalio cha karatasi kinachowekwa chini ya glasi ya bia, wakaandika juu yake kwamba hakuna atakayempa mchapishaji mchezo wowote mpaka jina la mtunzi lichapwe kwenye kasha. Wakatia saini zao. Mpaka wakati huo wachapishaji wengi waliuza michezo kana kwamba imejiotea yenyewe, ilhali kitabu huwa na mwandishi na wimbo huwa na mtunzi. Walidai jina, na jina wakalipata.

Matunda yalionekana upesi. Mwaka 1995 Klaus Teuber, fundi wa meno aliyebuni michezo katika muda wake wa ziada, alitoa Catan, ambamo wachezaji hujenga makazi kisiwani na kubadilishana mbao, matofali, sufu na nafaka. Nakala zaidi ya milioni 40 zimeuzwa. Ikafuata Carcassonne ya Klaus-Jürgen Wrede mwaka 2000, kisha Ticket to Ride ya Alan Moon mwaka 2004. Watu wakaanza kununua mchezo kwa kumfuata mtunzi, kama msomaji anavyofuata riwaya za Shaaban Robert au Euphrase Kezilahabi. Mtunzi akiwa na jina, huwa pia na deni: akiharibu anajulikana, akirudia ya mwenzake anaulizwa, na kila mchezo unakuwa jibu kwa mchezo uliotangulia. Hivyo ndivyo fani inavyokua.

Kete zinarudi bila majina

Katika fani hiyo mpya kete zetu zilirudi mlangoni. Mwaka 2011 Mjerumani Stefan Feld alitoa Trajan, mchezo wa Roma ya kale. Kila mchezaji ana duara la mabakuli sita yenye vipande vya rangi. Unachota bakuli moja, unagawa vipande moja moja kulifuata duara, na kipande cha mwisho kinapoangukia ndipo panapokuambia ufanye nini, ukajenge, ukauze au ukapigane. Wapenzi wa michezo waliusifu kwa kina chake. Na kina hicho kinatoka katika tendo lilelile ambalo wazee wa Unguja na vijana wa Usukuma hulifanya kila jioni: kuchota, kugawa, na kuiwazia kete ya mwisho kabla hujaigusa ya kwanza.

Mwaka 2014 Mfaransa Bruno Cathala alitoa Five Tribes, unaotumia mwendo huohuo katika nchi ya kubuni ya masultani. Katika chapa ya kwanza, miongoni mwa karata za bidhaa za sokoni zilikuwamo karata za watumwa. Mchezaji aliwakusanya na kuwatumia ili kupata msaada wa majini au kuongeza nguvu za hatua zake. Wachezaji wengi walilalamika, na chapa zilizofuata zikaweka mafakiri mahali pa watumwa. Tafakari kilichotokea: mwendo wa kete uliopanda bara kwa njia ya misafara ulikutanishwa tena, juu ya meza ya Ulaya, na mateka wa njia hizo, wakiwa karata ya kutupwa baada ya kutumiwa. Adrian Atiman alikuwa na jina, mgonjwa wa kumhudumia na miaka 67 ya kazi kando ya Ziwa Tanganyika. Anayejua historia ya Karema asingeweza kuichora karata ile.

Mwaka uliofuata Alexander Pfister wa Austria alitoa Mombasa. Ni mchezo mzito na uliosanifiwa kwa ustadi, na mwaka 2016 ulipata Deutscher Spielepreis, tuzo ambayo wapenzi wenyewe huipigia kura. Wachezaji hununua hisa katika kampuni nne, zenye makao Mombasa, Cairo, Cape Town na Saint-Louis, na kampuni hizo hueneza vituo vyao vya biashara juu ya ramani ya Afrika. Kuna kahawa, ndizi, pamba na almasi. Kinachokosekana ni wenyeji wa nchi inayoenezwa vituo. Ukosoaji huo ulisikika, na mwaka 2022 mchezo ulipotolewa upya kwa jina la Skymines, kampuni zilihamishiwa mwezini na kwenye miamba ya anga, ambako kweli hakuna wenyeji.

Mabadiliko hayo mawili ni ya heri, na waliosema na waliosikia wanastahili heshima. Ila yote mawili yalikuwa ya kuondoa. Watumwa waliondolewa, Afrika ikaondolewa. Kuongeza, yaani kumweka mezani mtu wa bara akiwa na akili, mali, ugomvi na mipango yake, ni kazi ambayo mtunzi wa Ulaya hawezi kutufanyia.

Kazi iliyobaki uwandani

Hatuanzi na mikono mitupu. Mwalimu Julius Nyerere alilipenda bao, na picha zake akiwa ameinamia kete zimeonyesha taifa kwamba mchezo huu si wa wavivu. Nchini Uganda M.B. Nsimbi aliuandikia omweso kitabu mwaka 1968, kazi ya mwenyeji anayeandika cha kwao. Mholanzi Alex de Voogt alikaa na mabingwa wa Zanzibar, akaandika michezo yao hatua kwa hatua, na mwaka 1995 akakamilisha huko Leiden tasnifu kuhusu umahiri wao. Mwaka 2020 Kazakhstan, Kyrgyzstan na Uturuki zilifanikiwa kuuingiza mchezo wao wa mashimo katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Wote hawa walifanya jambo moja: walichukua kilichokuwa mikononi wakakitia katika maandishi.

Sumbawanga ina kila kinachohitajika. Vijiweni drafti inachezwa kwa vizibo vya soda juu ya kipande cha mbao kilichochorwa kwa mkono, na aliyewahi kusimama nyuma ya mchezaji mzuri anajua kwamba fikra inayotendeka pale haipungui ile ya meza za Essen. Shule zina walimu wa hisabati wanaotafuta njia ya kufundisha hesabu ya akili. Bao la kujifunza, ambalo huanza na kete mbili katika kila shimo, huhitaji mashimo 32 ardhini na mawe 64. Daftari la senti chache linatosha kuandika mchezo mzima wa wazee wawili: nani alinamua wapi, alikula nini, alilala shimo gani. Juu ya ukurasa yaandikwe majina yao kamili, kwa ridhaa yao, na tarehe. Tukifanya hivyo mwaka mmoja, tutakuwa tumeandika mikakati ya bingwa wa Kirando au wa Laela kama Mapunda alivyopima masalia ya matanuru ya Nkansi, tena kwa faida kubwa zaidi, kwa sababu bingwa huyu yu hai na anaweza kuulizwa kwa nini.

Baada ya kuandika, kutunga. Mtunzi wa michezo ya kisasa hutafuta hali ambamo watu wanapaswa kuchagua kwa uchungu kati ya mambo mawili mema, na historia ya Ufipa imejaa hali hizo. Ilungu ni mchezo uliokwisha kujisanifu: kuni ni chache uwandani, mkaa unaotumika kuyeyusha ndio unaotakiwa kusafishia chuma kwenye kintengwe, wafanyakazi walio tanuruni hawapo mashambani, na jembe linalopatikana ndilo linalolima msimu ujao. Milansi ni mchezo mwingine, wenye pande zisizolingana: mmoja ana nchi na jeshi, mwingine ana mlima na matambiko, na hakuna anayeweza kumfuta mwenzake. Kirando ni wa tatu, ambamo nguo za pamba, pembe na chumvi vinakutana, na mchezaji anaulizwa swali zito la kweli, kama atakataa biashara ya watu hata pale inapomgharimu ushindi. Wanafunzi wa Rukwa wakipewa karatasi ngumu, gundi na muda, watayatunga haya kwa Kiswahili na kwa Kifipa, na kuyajaribu hadi yakae sawa.

Kete ya Ufipa na ya pwani haihitaji kuombewa ruhusa popote. Ilikwisha kufika Roma ya Stefan Feld na katika nchi ya masultani ya Bruno Cathala, ikathibitisha thamani yake mbele ya wachezaji wagumu kuridhika. Wale kumi na watatu wa Nuremberg hawakuwa na fedha kuliko wachapishaji wao. Walikuwa na kalamu, umoja, na imani kwamba kazi ya akili ina mwenyewe. Walimu wa Rukwa, wazee wa bao na vijana wa drafti wana haki ileile. Kasha la kwanza la mchezo uliotungwa Sumbawanga litoke na sheria zilizoandikwa vizuri ndani yake, na jina la mtunzi wake juu yake.